Kikohozi kisichoisha: mavumbi ya mawe na kifua kikuu

Ndugu mfanyakazi, ukikohoa siku nyingi, unasema nyumbani: «Ni mavumbi ya kazi tu.» Bibi anakupikia chai ya tangawizi, juma linapita, na jingine linapita. Pengine ni mavumbi kweli. Lakini mavumbi ya mawe na kifua kikuu hutembea pamoja, na inafaa ujue kwa nini.

Kifua kikuu, ambacho waganga wanakiita tuberkulozi, hakiletwi na uchawi, wala si ugonjwa wa ukoo. Kinaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Munganga wa Ujerumani, Robert Koch, alikivumbua mwaka 1882. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akiimba au hata akisema tu, vijidudu vinatoka na pumzi yake na kuelea ndani ya nyumba iliyofungwa. Wewe unavuta hewa ile. Havipiti katika sahani, wala bulanketi, wala kwa kupeana mkono. Kumtengea mgonjwa sahani yake ya bukari ni kumwumiza roho bure. Fungua dirisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Kuwa na kijidudu mwilini si kuwa mgonjwa. Damu yetu ina askari wake. Wanakizunguka kijidudu na kukifungia ndani ya mapafu, kama mtu gerezani. Katika watu 10 walio nacho, karibu 9 hawataugua hata siku moja, wala hawatamwambukiza mtu. Yule mmoja anaweza kuugua baada ya miezi michache, au baada ya miaka 20. Kinachofungua gereza ni udhaifu wa mwili: njaa, ukimwi, ugonjwa wa sukari, pombe nyingi, tumbaku. Na kwa mtu wa mgodi, mavumbi.

Wachimbaji wa Kolwezi wanalijua jiwe ambalo wenye elimu ya mawe wanaliita RSC. Herufi ya pili inasema silika. Ukitoboa au ukivunja jiwe lenye silika, mavumbi makubwa unayaona, nayo yanazuiliwa puani. Yale membamba huyaoni. Ndiyo yanayofika chini kabisa mapafuni. Huko wale askari wanayameza, kama wanavyomeza vijidudu, na silika inawaua. Gereza linabaki bila mlinzi. Hatari hii haiishi siku unapoacha kazi: mzee aliyepata pensheni zamani bado anaibeba kifuani. Kwa hiyo kapita akikataa mashine itoboe bila maji, au akiwazuia kurudi mapema baada ya baruti kulipuka, usimnung'unikie. Na kitambaa ulichofunga puani hakizuii mavumbi membamba. Vaa maski iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, damu katika makohozi: usingoje yote yafike pamoja. Radio ya kifua inasaidia, lakini silika nayo inaacha alama katika picha. Ndiyo sababu munganga anataka kupima makohozi yako.

Tunajua kwa nini watu wanaficha. Wanaogopa kutolewa katika ekipi na kupunguziwa mshahara. Hofu hiyo si upuuzi. Lakini anayeficha anakohoa nyumbani usiku kucha, karibu na watoto. Chanjo ya BCG inayotolewa mtoto akizaliwa inamkinga na kifua kikuu kikali, kama kile cha ubongo, lakini haizuii kila ugonjwa. Baba akionekana mgonjwa, jamaa yote ya nyumba ipimwe. Watoto wa chini ya miaka 5 wasio wagonjwa hupewa dawa ya kuwakinga.

Makovu ya silika hayana dawa. Kifua kikuu kinayo, na katika Kongo hutolewa bila malipo. Kwa kawaida ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, halafu dawa 2 kwa miezi 4, mwenye silika mapafuni munganga anaweza kumwongezea. Mkojo utakuwa mwekundu kidogo. Ni rangi ya dawa, si damu. Mtego uko katika mwezi wa pili. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, mtu anajiona mzima na kuacha vidonge. Vijidudu vilivyobaki ndivyo vigumu kuliko vyote. Vinaizoea dawa, na mtu atakayeambukizwa navyo, hata mtoto wako, ataanza na ugonjwa ambao dawa za kawaida haziuwezi.

Ukipewa kikopo cha makohozi, toa ya asubuhi, kabla ya kula, kutoka chini ya kifua, si mate ya mdomoni. Kohoa nje penye hewa, mbali na watu, si katika chumba cha kungojea.