Je, Wajua? Ndege 11 za mafuta kwa ndege moja

Mwaka 1982, Uingereza ilipojiandaa kuupiga mabomu uwanja wa ndege wa Stanley, visiwani Falkland, marubani wake wa ndege za mabomu aina ya Vulcan walikuwa hawajajaziwa mafuta angani kwa miaka mingi. Ilibidi wajifunze upya kwa wiki chache tu: kuinyemelea kwa nyuma ndege ya mafuta aina ya Victor, kisha kuchomeka bomba la puani mwa Vulcan kwenye kikapu kinachoning'inia mwisho wa mpira mrefu. Na kikapu hicho hakitulii, upepo unakiyumbisha! Usiku wa kuamkia Mei 1, Victor 11 ziliruka kutoka kisiwa cha Ascension ili Vulcan moja ifike Stanley. Nyingi zilijazana mafuta zenyewe kwa zenyewe, kisha zikageuka kurudi. Safari ya Vulcan ilichukua karibu saa 16.