Sarafu za Kilwa Zilizofika Sydney na Ushahidi wa Ibn Battuta

Kuna habari inayozunguka kwenye simu za jamaa zetu: kwamba mabaharia wa Kilwa walifika Australia kabla ya Wazungu. Huja na picha ya sarafu ndogo za shaba. Sarafu zenyewe ni za kweli. Lakini zinasema nini hasa?

Mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Alizihifadhi tu, hadi mwaka 1979 alipozipeleka zichunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano za masultani wa Kilwa. Zikaishia Powerhouse Museum, jumba la makumbusho mjini Sydney.

Kilwa hiyo tunaijua kwa shahidi aliyeiona. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, Morocco, mwaka 1304, alitoka kwao mwaka 1325 akielekea Hija. Mwaka 1331 alishuka mwambao wetu. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa aliona misikiti ya mbao, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Kilwa aliisifu kwa uzuri na ujenzi wake. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu: fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Masimulizi hayohayo yanataja vita vya kuteka mateka na watumwa waliotolewa zawadi. Hilo nalo ni letu, tusilifiche.

Kutoka Kilwa alisafiri hadi Dhofar, na Oman alifika Qalhat na Nizwa. Qalhat alipenda samaki waliochomwa juu ya majani, wakaliwa kwa wali. Basi njia waliyopita wazee wetu kwa jahazi na pepo za kusi na kaskazi ilikuwa imezoeleka tangu zamani hizo. Na sarafu za Kilwa, ambazo ni nadra kuonekana nje ya Afrika Mashariki, zimewahi kupatikana Oman pia.

Turudi Australia. Sarafu hupita mikono mingi. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, kisha wakaendelea hadi Malacca na visiwa vya mashariki. Wavuvi wa Makassar walikwenda pwani ya kaskazini ya Australia kutafuta majongoo ya bahari. Merikebu za Waholanzi nazo zilipita huko. Yeyote kati ya hao angeweza kuziangusha. Na kabla ya wote, wenyeji wa asili walikuwa wakiishi pale. Nchi yao haikusubiri kugunduliwa na Mzungu wala Mswahili.

Kwa hivyo mtoto akiuliza, tumwambie hivi: fedha ya Kilwa ilifika mbali, nani aliyeichukua, haijathibitishwa. Heshima ya Kilwa haihitaji kuongezwa chumvi. Tukimzoesha kupokea uongo unaotusifu, ataanza kuutilia shaka na ukweli wenyewe, na ukweli huo tunao: umeandikwa, na magofu yake bado yamesimama Kilwa Kisiwani na Qalhat.