Ngozi Kwanza: Kimo cha Nyuzi katika Banjo Kongwe na Istilahi Zake

Utangulizi

Banalia ni mji mdogo wa jimbo la Tshopo, ukingoni mwa mto Aruwimi, kiasi cha kilomita 130 kaskazini mwa Kisangani. Uko karibu na ikweta, ndani ya msitu wa mvua. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na hata miezi ya Desemba hadi Februari, iliyo mikavu zaidi, haiondoi unyevu hewani. Mpiga ngoma wa mahali kama hapo anajua kwamba ngozi iliyowambwa haitulii: ikinywa unyevu hulegea, ikipashwa moto hukakamaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ujuzi huo wa ngoma ndio ufunguo wa kurekebisha kimo cha nyuzi za banjo kongwe, na kwamba istilahi za kuueleza, kwa sehemu kubwa, tayari tunazo.

Banjo na jamaa zake

Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani, ambao walikuwa na kumbukumbu ya ala za nyuzi zenye tumbo la ngozi kutoka Afrika ya Magharibi. Katika karne ya 19 ilianza kuundwa katika karakana za Marekani na Uingereza, ikawambwa ngozi ya ndama. Ngozi za plastiki zilienea baada ya miaka ya 1950; hivyo, kwa banjo kongwe tunakusudia hapa ile iliyoundwa kwa ajili ya ngozi halisi.

Ala za namna hii si ngeni kwetu. Gambusi, ambayo Zanzibar huitwa pia kibangala, huchongwa kwa gogo moja na sehemu ya tumbo lake huwambwa ngozi. Kusini-mashariki mwa Kongo, katika eneo la Lubumbashi, kuna karindula: pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi, likatiwa shingo ndefu na nyuzi nne. Muziki wake ulisambazwa nje ya nchi katika albamu ya mwaka 2011. Ala zote hizi zina sifa moja ya msingi, nayo ni kwamba daraja linalobeba nyuzi limesimama juu ya ngozi.

Chanzo cha kosa

Sifa hiyo ndiyo inayosahauliwa. Katika gitaa, daraja hukaa juu ya ubao. Ubao nao hubadilika, lakini polepole. Katika banjo, daraja hupanda na kushuka pamoja na ngozi. Tuchukue mfano wa banjo iliyorekebishwa vizuri katika nchi kavu, kisha ikapelekwa Banalia. Ngozi hunywa unyevu na kulegea, daraja hudidimia, nyuzi hushuka na kugusa vipingo vya shingoni, yaani freti, sauti hufifia na kukwaruza. Mwenye ala huona nyuzi zimeshuka, akadhani shingo imepinda. Huchukua tupa akasaga freti, au huvunja kiungo cha shingo ili akiunganishe upya. Siku hewa itakapokauka, ngozi itapanda, na nyuzi zitakuwa juu kuliko zilivyokuwa mwanzoni. Ngozi ingeweza kukazwa kwa dakika chache. Freti iliyosagwa hairudi.

Kitenzi kuwamba chatusaidia kuliona kosa hili. Waswahili huwamba ngoma kwa ngozi, na huwamba kitanda kwa kamba. Mtu ambaye kamba za kitanda chake zimelegea, akalala karibu na sakafu, hamwiti seremala airefushe miguu. Hukaza kamba.

Utaratibu wa marekebisho

Kwanza ni ngozi. Banjo ina bangili ya chuma inayoibana ngozi juu ya duara la mbao, na bangili hiyo huvutwa na kulabu zenye nati. Kila nati izungushwe robo ya mzunguko tu, kisha ifuatwe ile inayoikabili upande wa pili, ili mvuto uwe sawa pande zote. Ngozi igongwe kwa kidole karibu na kila kulabu. Sauti ikiwa nzito mahali fulani, pale ndipo palipolegea. Baada ya mzunguko mmoja, ala iachwe hadi kesho yake. Aidha, ngozi isikazwe hadi mwisho wakati wa unyevu mwingi, kwani jua likitoka itajivuta yenyewe zaidi ya uwezo wake. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Anayeihamishia ala yake nchi kavu hana budi kuilegeza kidogo kabla ya safari.

Pili ni daraja. Miguu yake yote yapasa kukaa sawasawa juu ya ngozi. Umbali kutoka kizingiti, yaani kipande kinachozipokea nyuzi karibu na vigingi, hadi freti ya 12, uwe takriban sawa na umbali kutoka freti hiyo hadi darajani. Uzi uguswe kidogo tu juu ya freti ya 12 na kupigwa, kisha ubonyezwe papo hapo na kupigwa tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa ya juu zaidi, daraja lisogezwe mbali na shingo. Ikiwa ya chini, lisogezwe kuelekea shingoni.

Tatu ni kipimo. Katika freti ya 12, nafasi kati ya freti na uzi wa chuma huwa kama milimita 3. Kwa nyuzi za utumbo au za nailoni, ambazo hutikisika kwa upana zaidi, milimita 4 hufaa. Banjo nyingi za karne ya 19 ziliundwa kwa nyuzi za utumbo. Kuzitia nyuzi nzito za chuma ni kuitwisha shingo mzigo usio wake. Kasoro ndogo iliyobaki irekebishwe kwa kubadilisha daraja, likawekwa refu au fupi zaidi.

Mwisho kabisa ndipo shingo iguswe, tena kwa kabari nyembamba ya mbao kati ya kisigino cha shingo na duara. Kabari ikitiwa upande wa nyuzi, shingo hulala nyuma na nyuzi hushuka. Ikitiwa upande wa chini, nyuzi hupanda. Kabari hutolewa bila kuacha jeraha.

Hitimisho

Msomaji ataona kwamba maneno tuliyoyatumia, yaani kuwamba, bangili, kulabu, daraja, kizingiti, kigingi, kisigino na kabari, ni ya nyumbani, karakanani na ngomani. Ni kipingo peke yake kilichohitaji kusaidiwa na neno la kukopa. Tunapendekeza, basi, kwamba watakaokusanya istilahi za ala za muziki waanze kwa waundaji na wapigaji wa ngoma, gambusi na karindula kabla ya kufungua kamusi za kigeni. Aliyezoea kusema ngozi imelegea hatakimbilia kuichukua tupa.