Safu ya 27 Huitwaje?



Tuchukue daftari la mahudhurio la madrasa yetu hapa Hasamba, tuliweke kwenye jedwali la kompyuta, mfano Excel. Safu ya kwanza, A, ni ya majina. Tarehe 1 inakaa B, tarehe 2 inakaa C, hivyo hivyo mpaka tarehe 25 inayoangukia Z. Je, tarehe 26?

Kwa macho tutajibu upesi: AA. Lakini programu haina macho, inajua namba tu. Wengi wanaoanza kuandika programu huiamuru ihesabu kutoka A kwa mpangilio wa alama za kompyuta, na katika mpangilio huo baada ya Z inafuata alama ya [. Anwani [5 haipo kwenye jedwali lolote. Programu inakwama, na mtoto aliyekuja siku 6 za mwisho wa mwezi anaonekana mtoro. Mzazi wake tutamwambia nini?

Kanuni yenyewe ni hii. Chukua namba ya safu, toa 1, gawanya kwa 26. Baki inakupa herufi, ukihesabu A ni 0, B ni 1, mpaka Z ni 25. Jibu la kugawanya likiwa si 0, lirudie vivyo hivyo, na herufi mpya iweke mbele ya ile ya kwanza. Tarehe 31 iko safu ya 32: toa 1 ni 31, gawanya kwa 26 ni 1 baki 5, yaani F. Ile 1, toa 1 ni 0, yaani A. Tumepata AF. Ukizipanga kinyume utapata FA, safu ya 157!

Kwa nini kutoa 1? Kwa sababu herufi hizi hazina sifuri. Bila kutoa, 26 inagawanyika ikabaki 0, na herufi ya 0 haipo. Neno sifuri lenyewe ni la Kiarabu, maana yake tupu. Na al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, aliyeandika juu ya hesabu za Kihindi zenye sifuri, ndiye ambaye jina lake lilizaa neno algorithimu.

Mistari ni rahisi: lugha nyingi za programu huanza na 0, basi ongeza 1.

Tangu toleo la 2007 Excel inaishia XFD, safu ya 16,384. Kabla ya hapo iliishia IV, ya 256. Jaribuni nyumbani safu ya 702 na ya 703. Ya kwanza ina herufi mbili, ya pili tatu.