Tulilee Ua Letu Kabla Halijatoweka

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, lipo ua moja dogo la Afrika Mashariki ambalo limetunzwa kila mahali isipokuwa kwao. Huko Ulaya na Marekani ni miongoni mwa maua ya chunguni yanayopendwa mno. Hapa Kenya, mwanafunzi atakutajia waridi la Naivasha na mjakaranda, mti ambao asili yake ni Amerika Kusini, lakini ua hili halijui.

Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mnamo mwaka wa 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani kule Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata, mtaalamu Hermann Wendland alilibandika jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa huyo. Watu wa Usambara waliokuwa wakilipita kila siku njiani hawakutajwa.

Wakenya nasi tuna sehemu yetu katika urithi huu. Aina moja, teitensis, huota katika mlima wa Mbololo, Taita. Nyingine, rupicola, hushikilia miamba ya chokaa huko Kilifi, kama ile ya Cha Simba karibu na Kaloleni. Mimea hii huishi miaka mingi, maadamu ina kivuli cha miti na unyevu usiokatika.

Kuilea si kazi ngumu. Chukua jani moja lenye afya pamoja na kikonyo chake, ulichomeke katika mchanga uliolowa kidogo, kisha uliweke mahali penye kivuli. Baada ya majuma kadhaa, miche midogo itachipuka penye kikonyo. Ihamishie katika chungu kidogo chenye tundu chini, kilichojazwa mboji ya majani yaliyooza iliyochanganywa na mchanga. Usikiache chungu katika maji yaliyotuama, kwa maana mmea huu hupenda unyevu lakini mizizi yake huoza upesi. Mwagilia udongo, wala si majani, kwani maji baridi huyatia mabaka. Uweke karibu na dirisha penye mwanga wa kutosha, pasipofikiwa na jua kali. Nyakati za baridi ya Julai, wakazi wa nyanda za juu wauingize ndani ya nyumba.

Hapa ndipo lilipo somo kubwa kwa walimu wetu. Mwanafunzi akikiweka chungu juani kwa siku chache, ataona majani yakiungua na kunyauka. Hatahitaji kukaririshwa maana ya kukata miti Taita. Atajua mwenyewe kwamba kivuli kikiondoka, unyevu huondoka, na mmea hufa. Chungu hicho ni msitu mdogo uliowekwa mbele ya darasa, na hakina gharama ya kuitisha harambee.

Hata hivyo, nina onyo. Pasiwe na mwalimu atakayewapeleka wanafunzi Mbololo au Cha Simba kung'oa mimea. Misitu ya Taita imebaki vipande vidogo vidogo, na mmea mmoja ukiondolewa mwambani huenda usipate wa kushika nafasi yake. Jani la kuanzia liombwe kwa jirani mwenye ua hilo au linunuliwe kwa wauzaji wa miche. Mimea hiyo ya madukani aghalabu ni machotara waliozalishwa ughaibuni, lakini mahitaji yao ni yale yale.

Wako watakaouliza kwa nini tuhangaikie ua lisiloliwa wala kuuzwa kwa wingi. Jibu ni kwamba miti iyo hiyo inayolifunika ndiyo inayohifadhi chemchemi wanazotegemea wakulima walio chini ya milima. Ua likikosekana, tujue maji nayo yako mashakani.

Vyungu vyetu vya dirishani haviwezi kuchukua nafasi ya msitu. Vinaweza tu kuwalea watu watakaoutetea. Basi kila shule na iwe na chungu kimoja, na kila mwanafunzi akitunze kwa zamu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa msitu haujengwi kwa siku moja.