Rangi Kwanza, Jengo Baadaye

Kijana wa Kifaru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, aliyejaliwa mkono wa kuchora au kufinyanga, hukabiliwa na swali zito: fedha zake chache azitoe lini? Sisi tunamkumbuka marehemu Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, hakuanza kwa kujenga. Alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, akauza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, palipokuwa na wageni wenye fedha. Picha moja isiponunuliwa, hasara yake haikuwa ya kumfilisi mtu. Alifariki mwaka 1972. Wafuasi wake walisajili chama cha ushirika mwaka 1990. Ndugu zetu wa Unguja wanazijua picha hizo madukani Mji Mkongwe.

Twawaomba basi maofisa wa halmashauri, wenye dhamana ya mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wasimhimize msanii kukodi jengo kabla hajauza hata kazi kumi. Mkopo huo hauna riba, lakini hulipwa. Mnunuzi akirudi mara ya tatu akakuta rangi imekwisha, hapo fedha zitoke, wala zisicheleweshwe na vikao.