Huduma kwa jamii katika sekondari msingi (2): Ni nani anayeichagua kazi?

Wiki jana tulifuatilia jinsi mafunzo ya huduma kwa jamii yalivyopata nafasi katika Mtaala wa Umilisi, tangu mwongozo wa mtaala wa mwaka 2017 hadi Januari 2023, wanafunzi wa kwanza walipoketi katika madarasa ya gredi ya 7. Leo nataka tulikabili swali ambalo halikosi kuzuka wazazi wanapokutana: mtoto akilazimishwa kujitolea, huko bado ni kujitolea?

Swali hilo ni la haki. Mwanafunzi wa miaka 12 au 13 haombwi ridhaa yake. Kazi ya huduma imewekwa chini ya Masomo ya Jamii, na akifika sekondari pevu ataikuta tena miongoni mwa masomo ya lazima, bega kwa bega na Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Lakini haombwi ridhaa kuhusu Hisabati pia, na hakuna anayesema kwamba ameonewa. Kwa hiyo ulazima wenyewe haunisumbui sana. Linalonisumbua ni jambo jingine, nalo ni kwamba mara nyingi kazi huwa imeshachaguliwa kabla mtoto hajatia mguu nje ya lango la shule.

Marekani walilipeleka suala hili mahakamani. Katika mji wa Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, shule za umma zilidai kila mwanafunzi wa sekondari afanye saa 60 za huduma katika miaka minne kabla ya kuhitimu. Baadhi ya wazazi na watoto wao walishtaki, wakidai kwamba hiyo ni kazi ya kushurutishwa, ile iliyopigwa marufuku na Marekebisho ya 13 ya katiba yao pamoja na utumwa. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ilikataa dai hilo. Mwaka uliotangulia, Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuifanya huduma kuwa sharti la kuhitimu kwa jimbo zima: saa 75, ambazo mtoto anaweza kuanza kuzihesabu akiwa bado shule ya kati. Tunalopaswa kulitazama kwa makini huko Maryland ni hatua tatu zinazodaiwa katika kila huduma, wala si idadi ya saa: maandalizi, utendaji na tafakari. Hatua hizo hizo zimo katika mwongozo wetu wa gredi ya 7, 8 na 9.

Zimo kwenye karatasi. Uwanjani, hatua ya katikati huzimeza zile mbili. Siku hupangwa, kwa kawaida Ijumaa alasiri, watoto wakagawiwa mafagio na mafyekeo, wakapelekwa sokoni au kwenye zahanati. Mwalimu hupiga picha kwa simu. Mzazi hutumwa saiba kuichapisha kwa rangi, picha ikabandikwa kwenye faili, na hapo somo likahesabiwa limekwisha. Hakuna mwenye kibanda pale sokoni aliyeulizwa anahitaji nini. Hakuna mtoto aliyerudi Jumatatu kutazama kama takataka zimerudi, nazo hurudi.

Halafu kuna lile fyekeo lenyewe. Katika shule zetu nyingi, aliyechelewa hufyeka nyasi, na aliyepiga kelele darasani huosha choo. Mtoto hukua akijua kwamba kazi ya mikono ni adhabu, na kwamba mwanafunzi mwema ni yule asiyeifanya. Kisha siku moja anapewa fyekeo hilo hilo na kuambiwa kwamba leo si adhabu, leo ni huduma. Ataamini vipi? Nasema bila kusita: shule inayotaka kufundisha huduma kwa jamii na iache kabisa kuadhibu watoto kwa kazi. Hilo halihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani.

Historia yetu inafundisha jambo hili vizuri zaidi kuliko kesi za Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, na machifu ndio waliousimamia. Mwaka 1947 upinzani ulipamba moto, na mwaka 1948 wanawake wakagoma waziwazi. Tukumbuke kwamba matuta si jambo baya. Kwenye miteremko ile yanazuia udongo kusombwa na mvua, na wakulima wa leo huyachimba kwa hiari yao. Tena watu hao hao walikuwa na ngwatio, desturi ya majirani kukusanyika leo katika shamba la huyu na kesho la yule. Hawakuwa wavivu wa kazi ya pamoja. Walichokikataa ni kazi iliyoamuliwa na mtu mwingine, kwa wakati wake, huku wenye shamba hawakuulizwa.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, kilichotoka Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Hilo hukumbukwa na wengi. Kinachosahaulika ni kwamba alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi, na akatoa mfano ulio wazi kabisa: fedha zilizotokana na shamba, je, wakodi trekta la kulima, au walime wenyewe kwa jembe na fedha hizo zitumike kwa jambo jingine la shule? Wao wapime, wao waamue, wao waishi na matokeo ya uamuzi wao. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha uamuzi. Naona hatari ile ile ikitunyemelea sasa.

Basi hatua ya maandalizi ikifanywa ipasavyo huonekana vipi? Tuchukue darasa la gredi ya 7 lililo karibu na soko la samaki. Mwalimu hawaambii wakafagie. Anawatuma wanne wanne, na madaftari, wakaongee na akina mama wauza samaki: shikamoo kwanza, maswali baadaye. Huenda wakarudi na jibu ambalo mwalimu hakulitarajia. Takataka zinaudhi, lakini kinachowatesa wauzaji ni kukosa mahali pa kunawa mikono, na wateja wanalisema hilo.

Sasa darasa lina tatizo lake lenyewe, na linaweza kutengeneza kibuyu chirizi. Jerikeni ya lita 5 hutobolewa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, karibu na mdomo. Huning'inizwa kwenye mti wa kulala uliobebwa na miti miwili yenye panda. Kamba hufungwa shingoni mwa jerikeni na kushuka hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikikanyaga kijiti, jerikeni huinama na maji huchirizika. Ukiinua mguu, hurudi wima. Mkono haugusi chombo. Sabuni hutobolewa katikati na kuning'inizwa kando kwa uzi. Vijana wa miaka 13 wanaweza kuisimamisha kazi hii kwa alasiri moja, na njiani wakakutana na kani, wenzo na ujazo wa maji bila mwalimu wa sayansi kuandika neno ubaoni.

Picha ingepigwa hapo, faili ifungwe. Lakini tafakari inadai warudi baada ya majuma mawili. Wakirudi huenda wakakuta jerikeni kavu na sabuni imetoweka. Usiku huo pengine wengine watalala na huzuni, nami sitaki waepushwe nayo, kwa sababu hapo ndipo maswali makubwa yanapofunguka. Nani analeta maji sokoni? Nani anapaswa kuyaleta? Akina mama wanalipa ushuru kila siku na kupewa risiti. Fedha hizo zinaenda wapi? Mwalimu wa Masomo ya Jamii anaweza sasa kulifungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na watoto wakasoma wenyewe kwamba masoko ni jukumu la serikali ya kaunti. Wakimwandikia msimamizi wa wadi barua, wataieleza hali waliyoikuta wao wenyewe, pamoja na maneno waliyoambiwa na wauzaji wenyewe, na mwakilishi wadi apewe nakala.

Kazi kama hiyo inahitaji mwalimu mwenye nafasi ya kuandamana na watoto, glavu kwa watakaogusa taka zenye vigae na sindano, na nauli pale soko lilipo mbali. Wiki ijayo tutaangalia ni nani anayebeba gharama hizo kwa sasa, na kwa nini mara nyingi ni mzazi.